Nilipouza Tiketi za Ndege ya Msimu

Nyinyi mnaokata tiketi ya ndege kwa kidole huku mmelala kitandani, sina ugomvi nanyi. Nimemwona mjukuu wangu akifanya hivyo, na kabla sijamaliza kumwuliza anasafiri lini alikuwa ameshachagua hadi kiti. Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikainjika chai, kwa sababu moyo ulikuwa umenijaa. Kazi yangu ya miaka yote ile sasa inaingia kwenye simu na bado nafasi ya kusikiliza muziki inabaki.

Ofisi yangu ilikuwa juu ya duka la vitenge, karibu na stendi ya Lushoto. Chumba kimoja, meza moja, benchi la wateja, na dirisha linalotazama mteremko wenye mikaratusi. Ngazi zake zilikuwa kali, kwa hiyo wazee walifika juu wanahema, na kitu cha kwanza nilichowapa kilikuwa maji. Hilo nalo ni somo, vijana mnaoanza kazi hii. Mtu anayehema msimweleze mambo ya safari. Atasema ndiyo kwa kila kitu, na kesho atarudi kuwauliza upya.

Niliuza tiketi za kila mahali, lakini ndege iliyoifanya ofisi ile ijae watu ilikuwa ndege ya msimu. Shule zikikaribia kufungwa mwishoni mwa mwaka, shirika moja la nje lilileta ndege kutoka Ujerumani moja kwa moja hadi uwanja wa Kilimanjaro. Ilikuja na watalii wa mlima na wa mbugani, na iliporudi ilikuwa na viti vitupu. Likizo za Wazungu zikiisha mwezi wa Januari, ndege nayo inaondoka, hadi mwaka unaofuata. Watu wa mjini walinisumbua sana kuhusu hilo. Kwa nini isije Machi? Kwa nini isije kila wiki? Lakini wakulima wa Lukozi niliwaeleza mara moja tu. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Kumbe ni kama viazi. Ukichelewa kupanda, unasubiri mvua nyingine." Tangu siku hiyo nikawa nawaeleza wote hivyo hivyo.

Mimi mwenyewe sina mtoto aliyekwenda mbali. Wa kwangu wako Soni na Korogwe, na mmoja wao mpaka leo ananiletea nguo za kufua. Lakini milima hii ilikuwa na wazazi wengi wenye watoto huko. Kuna waliokwenda kwa njia ya kanisa, wakasoma uuguzi, wakaajiriwa hukohuko. Kuna walioolewa, kuna waliooa. Na wengi hawakuweza kurudi hata kusalimia, kwa sababu kazi ni mpya, au mtoto ni mchanga, au vibali vya ukaazi bado na ukitoka huenda usiruhusiwe kuingia tena. Mtoto asipoweza kuja, mzazi ndiye anayekwenda. Ndiyo biashara yangu ilivyokuwa, nikiieleza bila kuipamba.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Stela, mama mnene wa Tanga mwenye miwani yenye mnyororo, aliyekuwa ameuza tiketi tangu zile za vitabu, zenye karatasi ya kaboni nyekundu iliyochafua vidole. Siku yangu ya kwanza kwake alinisikia nikimwuliza mteja, "Unakwenda wapi, mama?" Mteja alipoondoka, Bi Stela akaniambia, "Usimwulize mtu anakwenda wapi. Muulize anakwenda kwa nani."

Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Haikuwa hivyo. Anayekwenda kwa binti aliyejifungua tarehe zake hubadilika, kwa hiyo mkatie tiketi inayobadilishika. Anayekwenda kwa kaka mgonjwa mpe kiti cha karibu na mlango. Anayekwenda kwa mkwe kwa mara ya kwanza atabeba mzigo mkubwa kuliko ruhusa, hata umwonye vipi.

Mambo ya mizigo nikianza kuyasimulia hatutamaliza. Watu wa Irente walitaka kubeba jibini kuipeleka Ujerumani, nami nikawaambia, wanangu, huko ndiko walikotoka waliotufundisha kuitengeneza. Mama mmoja alishona maharage ndani ya mto wa kulalia, na kwenye ukaguzi mto ukapigwa kisu mbele ya watu wote. Kwa hiyo nilizoea kumwambia kila mteja afungue mzigo wake pale pale ofisini. Tulikula parachichi nyingi sana kwenye lile benchi.

Zamani, kuhifadhi nafasi kulikuwa kwa simu. Nampigia karani Dar es Salaam, namtajia jina herufi kwa herufi, na simu inakoroma. Yeye anataja A ya Arusha, B ya Bagamoyo, mimi namwambia M ya Mombo, S ya Soni, L ya Lukozi. "Lukozi ndiyo nini?" ananiuliza. Namjibu, "Ndiyo kabichi unayokula." Tukawa marafiki, na hatukuwahi kuonana. Jina lililo kwenye tiketi lazima lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na majina yetu ya Kishambaa kila karani wa serikali aliyaandika alivyoyasikia. Hata leo, pamoja na simu zenu, hapo ndipo watu wanapokwama.

Na kulikuwa na makoti. Wazazi wetu wanajua baridi ya Julai ya Lushoto, ile ya ukungu na sweta, lakini ile ya Ulaya hawaijui. Mwanamke mmoja aliporudi Januari kutoka kwa binti yake alipanda ngazi zangu, akavua koti zito la kijani alilonunuliwa huko, akalitundika kwenye msumari wangu. "Likae hapa," akasema. "Nyumbani nitakuwa naliona kila siku." Mwaka uliofuata alinikubalia nimwazime mama mwingine, na huyo akaleta na la kwake. Mwishowe msumari haukutosha, nikapigilia ubao. Makoti yale yalisafiri kuliko mimi niliyekuwa nayatunza.

Lakini ninayetaka kuwaeleza hasa ni Mzee Athumani na mkewe, Bi Mwanahawa, wa Lukozi.

Walilima kabichi, karoti na viazi, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, Yusufu. Yusufu alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi, akapata kazi hospitalini, akaoa, akapata binti, akamwita Hawa kwa jina la bibi yake. Vibali vyake vilikuwa bado, hakuweza kutoka. Wazee wakauza mazao ya misimu kadhaa, Yusufu akaongeza, wakaja kwangu kukata tiketi mbili za ndege ya Desemba. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na walikuwa wamemwona kwenye simu tu, mara nyingi kipaji cha uso na dari.

Mzee Athumani alikuwa mtu asiyesema. Sokoni Lukozi walisema anauza gunia zima la karoti kwa kutikisa kichwa. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Alipopanda ngazi zangu nilimsikia tangu chini, akinisalimia, akimsalimia muuza vitenge, akimkumbusha mumewe ainame asigonge kichwa.

Siku chache kabla ya safari, mama yake Bi Mwanahawa, bibi mzee aliyekuwa akiishi nao, alianguka uani akavunjika nyonga. Bi Mwanahawa hakuwa na ndugu wa kike aliyebaki, na bibi yule hakukubali kugeuzwa na mkono mwingine. Wakaja wote wawili ofisini. Safari hiyo sikumsikia mtu kwenye ngazi.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, Mama Neema," akajibu Bi Mwanahawa. "Tiketi yangu nisogezee mbele. Nitakwenda ndege ya mwakani."

"Na ya baba?"

"Ya baba ibaki."

Mzee Athumani alikuwa ametazama sakafu. Akasema, "Nami nitabaki. Tutakwenda pamoja mwakani."

Mkewe akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Ukibaki wewe, nani atamwona mtoto? Tubaki sote wawili tuangaliane? Nenda, Baba Yusufu. Lakini nisikilize vizuri. Usije ukaniletea 'hawajambo'. Hawajambo nimeisikia kwenye simu miaka yote. Ninakutuma ukaniangalizie. Wanapolala, wanapolia chakula, mtoto anavyonyanyua kikombe. Mwanangu amekonda au hakukonda, na akitoka kazini anakaa wapi kwanza. Uangalie kama ningeangalia mimi."

Mzee akasema, "Mimi sijui kuangalia hivyo."

"Utajifunza," akasema mkewe. "Una mwezi mzima na huna shamba."

Nikapiga simu, tiketi ya mama ikasogezwa hadi msimu unaofuata, bila shida. Nikampimia mzee makoti, la bluu likamkaa. Nilipokuwa namfundisha mambo ya uwanjani, Bi Mwanahawa aliketi akikunja na kukunjua mikono ya lile koti. Alipokuwa akitoka alisema, kama anayezungumza na mlango, "Watu watasema amekwenda asiyejua kusimulia." Na kweli walisema. Mimi mwenyewe niliwaza hivyo.

Mwezi ule Bi Mwanahawa alikuwa akija mjini siku za soko, akimwachia jirani mama yake kwa saa chache, anapanda kunisalimia. Nikimwuliza habari za Ujerumani ananijibu, "Amepiga simu. Hawajambo." Tunacheka. Kisha anatazama ule ubao wa makoti.

Mzee Athumani alirudi na ndege ya mwisho ya msimu. Alilala Boma Ng'ombe, karibu na uwanja, kama nilivyomwelekeza, asubuhi akapanda basi. Bi Mwanahawa alimwachia jirani mama yake kwa siku nzima, akashuka kumpokea, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha akamsubiri kwangu. Mume alipoingia, koti mkononi, walisalimiana kama watu walioachana jana. Nikawamiminia chai. Akanywa. Mkewe akangoja mpaka kikombe kikafika nusu.

"Haya," akasema.

"Hawajambo," akasema mzee.

Niliona uso wa Bi Mwanahawa ukianguka, nikajifanya natafuta kitu kwenye mtoto wa meza. Kisha mzee akaweka kikombe chini, akafumba macho, akaanza.

Alianza mlangoni. Alisema mlango wao ni wa kahawia, kitasa kiko kushoto, ukiingia unavua viatu na kuviweka kwenye rafu, vya wageni rafu ya chini. Mbele kulia ni jiko. Vikombe viko juu ya sinki, vijiko kwenye droo ya pili, ya kwanza ni ya visu na haifunguki vizuri. Alisema Yusufu hakukonda ila amepata mvi pembeni, na akirudi kutoka hospitalini hakai, anasimama dirishani jikoni na koti lake mwilini mpaka chai ipoe, kisha ndiyo anavua. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono. "Kama wewe," akasema. Mke wa Yusufu anaimba akipika lakini akiona mtu anaacha, kwa hiyo alijifunza kukaa chumba cha pili ili amsikilize. Mtoto anashika kikombe kwa mikono miwili na kunusa kwanza. Anapolala mguu mmoja lazima utoke nje ya blanketi, wa kulia.

"Umejuaje ni kila siku?" akauliza mkewe.

"Nilikuwa nachungulia. Nilijua utaniuliza."

Alikuwa ameanza kwa Kiswahili kwa heshima ya ofisi, lakini alipofika kwa mtoto akaingia Kishambaa na hakutoka tena. Mteja mmoja alipanda, akasimama mlangoni, akasikia, akaketi kwenye ngazi kusubiri. Gari la Lukozi lilipiga honi pale chini mara kadhaa. Nilimpigia dereva kelele dirishani kwamba asubiri, na nafikiri ndiyo siku pekee watu wa stendi walinisikia nikipaza sauti. Bi Mwanahawa alikuwa amefumba macho naye.

Mwaka uliofuata ndege haikuja.

Barua za makampuni mnazijua. Walisema njia ile haina abiria wa kutosha. Nami niliwaona abiria wake kila siku kwenye benchi langu, lakini benchi langu halikujaza ndege. Wengine niliwatafutia njia za kubadilisha ndege Uarabuni au Ethiopia, wakaenda. Wengine, hasa wazee, walisema watasubiri ndege yao irudi. Bi Mwanahawa, aliyerudishiwa pesa za tiketi yake, alikuwa miongoni mwao. Kubadilisha ndege katika uwanja wenye watu kama mchanga kulimtisha, na mama yake alikuwa bado kitandani. Kila ilipofika Oktoba alipanda ngazi. "Wamesema nini?" Nami namwambia, "Bado, mama." Anakunywa maji, anashuka.

Ilikwenda hivyo miaka. Bibi mzee akafariki. Kisha, bila kutarajiwa na yeyote, Mzee Athumani akaugua kifua msimu wa mvua, akafariki naye. Alizikwa siku ileile kama ilivyo desturi. Yusufu, ambaye vibali vyake vilikuwa vimekamilika karibuni tu, alifika kaburi limeshafukiwa. Alikaa muda mfupi, akarudi kazini. Mama yake alibaki ndani ya eda.

Alipotoka eda alikuja kwangu, amekonda, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza wamesema nini. "Nikatie hiyo ya kubadilisha," akasema. "Nimechoka kusubiri ndege inayonijua."

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa kabla ya kustaafu, na niliifanya kwa moyo wote. Niliomba apokewe kwa kiti cha magurudumu pale pa kubadilishia, si kwa sababu hakuweza kutembea, bali kwa sababu anayesukuma kiti anajua njia. Kumbukeni hilo, ni huduma ya bure na wazee wengi wanaikataa kwa kuona aibu. Mwambieni mzee kwamba anayesukuma ni mwenyeji wake, si muuguzi. Atakubali. Nilimpa koti la bluu. Alilinusa kwenye kola, akalivaa, ingawa Lushoto siku hiyo ilikuwa na jua.

Siku mbili baadaye Yusufu alinipigia simu. Nikadhani mama yake amepotea njiani.

"Mama Neema, shikamoo. Amefika salama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema."

Kisha akasema, "Nataka kukuuliza. Kuna mtu amemwonyesha mama picha za nyumba yangu?"

"Kwa nini?"

"Aliingia, akavua viatu, akaviweka rafu ya chini. Akaenda jikoni moja kwa moja. Nikamwambia akae, akasema ametoka mbali anataka chai. Akafungua droo ya pili, akatoa kijiko. Nikamwuliza, mama, nani amekuonyesha? Akasema, 'Baba yako.'"

Nilimsikia akipumua, na nyuma yake maji yakichemka.

Alikaa huko hadi Januari. Aliporudi mimi nilikuwa nimeshafunga ofisi, kwa hiyo nilipanda gari kwenda Lukozi kumsalimia. Nilimkuta uani akipepeta maharage. Nikavuta kigoda, nikachukua ungo mwingine, nikamwambia sasa ni zamu yake, anieleze yote. Nilijiandaa kukaa hadi magharibi, kwa sababu namjua.

Alipepeta kwanza. Baadaye akasema, "Kila kitu kilikuwa kama alivyoniambia. Mpaka ile droo isiyofunguka. Niliishi mle kama mtu aliyerudi kwake." Akatoa jiwe, akalitupa. "Kasoro mtoto."

"Mtoto amefanyaje?"

"Mimi nilikwenda kumwona mtoto anayeshika kikombe kwa mikono miwili. Nimelala naye huyo miaka yote, namfunika, anatoa mguu. Mlango ukafunguliwa na binti mrefu, ana mkoba wa shule, akanipa mkono, akasema shikamoo bibi, vizuri kabisa, amefundishwa. Nikamwitikia. Lakini nilikuwa naangalia nyuma yake, yule mwingine yuko wapi."

"Mlizoeana?"

"Tulizoeana. Ana roho nzuri. Alikuwa anakuja kukaa kitandani kwangu, ananifundisha maneno yao, nami namfundisha ya kwetu. Tulilia sana uwanjani, mimi na yeye, mpaka Yusufu akaona haya." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, bila haraka. "Sasa anafika hapa."

Aliweka ungo chini, akasimama, akanyoosha mkono usawa wa bega lake, kiganja kikiwa wima kama tunavyopima binadamu. Aliutazama ule mkono. Nami niliutazama.

"Lakini hapo ni tangu Januari," akasema, na akaunyanyua kidogo. "Sasa hivi labda ni hapa."